Magurudumu Manane Kwenda Matwebe

Safari ya Tukuyu imenigharimu magurudumu manne ya chuma, kitenge kimoja kipya ambacho sikuwahi kukivaa, na mteja wa Tunduma ambaye siku hizi akiona namba yangu anazima simu. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Nilirudi na mfuko wa majani ya chai, maparachichi yaliyoamua kuiva yote siku moja, na jambo jingine ambalo nitalitaja mwishoni, kwa sababu ndilo ninalotaka mnishauri.

Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza msibani, hata yule fundi cherehani ambaye hanisalimii ameniuliza: huyu mama wa vyuma chakavu, aliyekata reli za mkonge za nusu ya Korogwe akaziuza kwa kilo, amekwenda Rungwe kufufua reli? Nawaandikia mara moja, nisirudie kwenye kila kibaraza.

Upande wa Matwebe kuna shamba la chai la zamani. Katikati ya chai imelala reli nyembamba, ndugu yake ile iliyokuwa ikibeba mkonge kwetu. Mtoto wa chekechea akilala kuikatiza, anaijaza. Zamani toroli tupu zilisukumwa kwa mikono hadi juu mlimani, zikateremka zenyewe na mizigo ya majani mpaka kiwandani, mtu mmoja ameshika breki. Malori yalipokuja, reli ikaachiwa magugu. Sasa kuna kikundi cha wanakijiji kinachotaka mteremko ule utembee tena, ili wageni wanaokwenda kuangalia ziwa la Masoko wapitie na kwao, wapande, walipe. Kikundi kilikuwa na reli bila magurudumu. Mimi nilikuwa na magurudumu bila reli. Mwenyekiti wao, mama mmoja aitwaye Tumpe, alinipata kwa njia ya watu wa vyuma, akanitumia kamba kwa basi. Ilikuwa na mafundo mawili, na kati ya fundo na fundo ndio upana wa reli yao. Niliipima kwenye ekseli zangu za mkonge. Ikakaa.

Nikapakia magurudumu manane: manne ya Tumpe, manne ya mteja wa Tunduma aliyetaka mkokoteni wa kubebea mawe.

Korogwe hadi Kitonga, juu ya machungwa

Nilipanda lori la machungwa ya Muheza lililokuwa likienda Uyole. Dereva anaitwa Bakari, mtu mwembamba kama mwiko. Alitaja nauli, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tulipochoka kucheka tukapatana hivi: mizigo yangu iende bure, mimi nimlishe njia nzima. Nilimtazama kiuno, nikaona nimepata.

Jamani, msimpime mtu kwa kiuno. Chalinze alikula chipsi mayai kama mtu anayefungua kinywa tu. Morogoro akataka supu, kisha akakumbuka kwamba supu bila chapati ni maji ya moto. Ruaha Mbuyuni alikula wali wa watu wawili, akanunua kitunguu kibichi akakitafuna mithili ya tunda. Nilikuwa nikihesabu sahani kimoyomoyo, nikaacha. Kuna hesabu ambazo ukizifanya mara mbili unaumwa.

Mizani ndiyo iliyotuchelewesha. Lori lilipanda likalalia kushoto, na yule kijana wa mizani akatoka na kofia yake kuja kutazama.

"Dereva, haya machungwa mbona yana upande yanaoupenda?"

Bakari akanitazama. Nikasema, "Mwanangu, chini yake kuna magurudumu ya treni."

"Treni iko wapi?"

"Inanisubiri Tukuyu."

Alicheka mpaka akaita wenzake. Lakini mzigo ulilazimika kusawazishwa, na ili kuyafikia magurudumu tukapakua machungwa. Waliosaidia walikuwa wengi, na kila aliyesaidia alisaidia huku akimenya.

Kitonga lori la mbele lilikuwa limekufa kwenye kona, foleni imeganda. Pembeni yangu alikuja kukaa abiria wa basi lililokwama nyuma yetu, muuguzi mmoja aliyezaliwa Masasi na kupangiwa kazi hospitali ya Makandana, pale Tukuyu, anarudi kutoka likizo. Nilimuuliza Rungwe kukoje.

"Mvua. Mwezi wa kwanza nililia. Wa pili nikanunua buti." Akafikiri kidogo. "Na mama, wewe naona ni mtu wa biashara. Kule salimia kwanza. Ukimaliza kusalimia, salimia tena. Biashara itakuja yenyewe."

Nilimshukuru, nikampa chungwa. Ushauri niliusikia, sikuubeba.

Uyole hadi Tukuyu, chini ya turubai

Uyole machungwa yakashuka, na Bakari akaniaga kwa kuniuliza kama nitarudi naye. Nikamwambia nitaona. Magurudumu yakahamia kwenye pikapu iliyokuwa imeleta viazi sokoni na inarudi tupu Tukuyu. Yule mwenye pikapu naye nilimpunguzisha bei, akakubali haraka mno, na nilielewa kwa nini tulipofika Isongole: pale walipanda mke wake, mashemeji na gunia la pumba, mbele pakajaa. Nikahamia nyuma chini ya turubai, nimekumbatia ekseli. Mvua ilikuwa inanyesha kwa upole lakini haikuonyesha dalili ya kuwa na kazi nyingine.

Tumpe alinipokea Makandana. Nilitegemea mwenyekiti wa reli awe na sauti. Huyu alikuwa mwanamke mpole wa umri wangu, kanga kiunoni, mikono ina mafuta ya grisi mpaka kwenye viwiko. Hakuniangalia mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu, akalizungusha kwa kidole, likaimba.

"Ndaga fijo, dada," akasema, na alikuwa anashukuru gurudumu na mimi kwa pamoja. "Ndaga fijo."

Alinikodishia chumba nyumba ya wageni. Nilipofungua mlango nikakuta jogoo amefungwa kwenye mguu wa kitanda. Nikatoka kuuliza.

"Wewe ni Mwislamu," Tumpe akanieleza kwa heshima zote. "Hatukutaka kukuchinjia sisi, ukashindwa kula. Asubuhi atakuja kijana wa bodaboda, ni wa dini yako, atachinja. Kwa hiyo leo jogoo ni mgeni mwenzako."

Mgeni mwenzangu aliamka kabla yangu. Lakini mchana nilipomla na ndizi za mbalaga nilimsamehe yote, na tangu hapo sijawahi kulalamika mtu akinitayarishia jambo kwa kufikiri sana.

Matwebe: pengo la reli

Tulipanda Matwebe na vyuma vyetu. Reli ile, jamaa zangu, nisiwafiche: nilipoiona niliitazama kama muuza nyama anavyotazama ng'ombe wa jirani. Kikundi kilikuwa kimefyeka magugu, kimebadilisha mataruma yaliyooza chini ya vyuma, kimefunga boliti mpya. Mteremko wote ulikuwa tayari isipokuwa sehemu moja, karibu na mwisho, ambapo vipande viwili vya reli havikuwepo.

"Viko wapi?"

Tumpe alionyesha kwa kidevu, bila kugeuza uso. Chini bondeni palikuwa na nyumba, migomba, na kijito. Juu ya kijito lilikuwepo daraja, na daraja lilikuwa reli mbili.

"Kwa mzee," akasema. Mzee ni baba mkwe wake. Mume wa Tumpe anafanya kazi Mbeya mjini, anarudi mwisho wa mwezi. Mama mkwe alishafariki. Nyumba mbili zile zinatazamana, shamba moja la migomba katikati. "Shangazi wa mume wangu amemwomba mara tatu. Lakini shangazi na kaka yake wamegombana tangu wakiwa mgongoni. Dada, wewe ni mtu wa kupatana bei. Kapatane naye."

Wakati tunaongea alikuja meneja wa shamba, mtu wa adabu, mwavuli mkononi. Akakagua, akasifu, halafu akasema lililomleta: wenye shamba wanataka eneo lieleweke. "Jumamosi nakuja kuangalia. Toroli ikitembea juu mpaka chini, mteremko ni wenu mwaka huu na ujao. Isipotembea, chuma kinauzwa." Akanigeukia. "Mama, nasikia wewe ndiye mnunuzi?"

"Mnunuzi wa chuma chochote," nikasema, kwa mazoea, kama mtu anavyosema amina.

Tumpe alikuwa ameinama anafunga boliti. Aliacha kuifunga kidogo, kisha akaendelea.

Kosa langu

Mzee nilimkuta anasugua jembe. Mrefu, koti la suti la miaka mingi, buti za mpira. Nilimsalimia mara moja nikaingia kwenye biashara. Nikamwambia akitupa zile reli mbili zikazibe pengo huko juu, kikundi kitamjengea daraja la magogo ya mkaratusi, jipya, pana, ng'ombe na ndama wapite sambamba.

"Leli zangu zinafika mbali hivyo?" akauliza. "Sijaona huko juu siku nyingi."

Hapo ndipo nikajiona nina akili. Mtu akitaka kuona bidhaa, amekwisha kuinunua nusu. Na katika biashara yangu muuzaji na mnunuzi lazima watazamane machoni. Mambo ya kutumana tumana ndiyo yanayoleta ugomvi. Nikasema, "Twende mzee, ukaone mwenyewe, uongee na mwenyekiti ana kwa ana." Neno mwenyekiti halikumshtua, maana kwake mwenyekiti ni mwanaume. Akachukua fimbo.

Tulitokea nyuma ya kona ya chai. Tumpe alikuwa amepiga magoti kwenye reli, spana mkononi. Aliinua macho, akamwona. Sijawahi kumwona mtu mzima akipotea kwa kasi ile: kanga juu ya kichwa, spana chini, mara yuko ndani ya chai, na majani yanatikisika kwa mbali kuelekea migombani.

Nikaita, "Tumpe! Bei bado!"

Mzee alikuwa amegeuka nyuma, uso ameuelekeza mlimani.

"Binti wa Tanga," akasema taratibu. "Umenileta nimkimbize mke wa mwanangu kama mwizi wa kuku?"

Akateremka. Hakutazama nyuma. Na daraja likabaki daraja.

Dada yake mzee, yule shangazi, bibi Subilaga, mfupi, mwenye ulimi unaoweza kumenya ndizi, ndiye aliyenifafanulia, na alifanya hivyo huku amejishika kiuno.

"Mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hali naye, hakai naye chini ya paa moja, akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani. Vijana wa mjini wameacha. Wengi wameacha. Nyumba hii hatujaacha."

"Kwani wamekosana?"

"Wamekosana wapi! Nani anampikia? Chakula anapika yeye, napeleka mimi. Nani alimlipia huyo mke ada ya mafunzo ya kushona? Pesa alitoa yeye, nikapeleka mimi. Miguu yangu imeisha kwa heshima ya hao wawili! Sasa wewe umekuja na gari la machungwa, umewaweka uso kwa uso barabarani."

Nilimtafuta Tumpe, nikamkuta nyuma ya jiko lake anachambua maharage. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali.

"Sura yake naijua kwa nyuma tu," akasema. "Miaka yote. Leo nimeiona." Akatupa haragwe bovu. "Dada, nikuulize. Ulifanya makusudi? Isipotembea Jumamosi, chuma ni chako."

Nimeitwa mengi katika kazi hii. Nimeitwa mchoyo, nimeitwa mkata mizani, na mara nyingine wanaoniita hawakuwa mbali na ukweli. Lakini lile swali lilinikalia kifuani kama ekseli. Kwa sababu mtu yeyote anayejua kuhesabu angeuliza vilevile.

"Sikujua," nikamwambia.

"Basi nenda karekebishe ulichokuwa hujui."

Maziwa bila bei

Bibi Subilaga alinipa masharti. Nichuchumae uani kama wanawake wa kwao wanavyosalimia wazee. Nisitaje reli. Nisitaje daraja. Nisitaje Jumamosi. Na bei, akanionyeshea kidole, bei nisiifikirie hata moyoni, maana kaka yake anasikia.

Nikachuchumaa. Magoti yangu ni ya Korogwe, hayakuzoea. Mzee alinitazama kwa muda uliotosha mimi kujuta mambo mengi, kisha akaagiza kigoda na kibuyu cha maziwa mgando. Tukaongea ng'ombe. Mimi sina ng'ombe, sijawahi kuwa na ng'ombe, lakini niliuliza habari za kila mmoja, na nikagundua jambo geni: ukiuliza kitu bila kutaka kukinunua, watu wanakueleza ukweli. Yule mwekundu ni mkorofi. Yule mweusi ana mimba, ndiye kipenzi.

Mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha. Kibuyu cha pili ndipo mzee akasema mwenyewe.

"Nilikuwa msukumaji. Tulikuwa wanne kwa toroli moja, tunaipandisha mpaka juu. Ikijaa, anapanda mshika breki, inashuka naye. Sisi tunashuka kwa miguu, tunaisikia inavyoimba huko mbele." Akafuta kibuyu kwa kiganja. "Sikupanda hata siku moja. Walipoziacha leli nikasema hizi mbili nitazichukua, angalau nitembee juu yake."

Bei ikanijia mdomoni, nikaimeza na maziwa. Haikuwa rahisi.

"Zichukueni," akasema. "Ila Jumamosi nami nipande."

Niliondoka pale karibu nirukeruke. Nilifika kwa bibi Subilaga nikamweleza, naye akanitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize kuhesabu vidole.

"Na breki anashika nani?"

Breki anashika Tumpe. Ndiye pekee aliyekuwa amejifunza, siku zote hizo na toroli ya majaribio ya magurudumu ya mbao. Na toroli ni moja, ubao mmoja, watu wanakaa wamegusana mabega.

Halafu nikasikia sauti ikisema, "Nina magurudumu mengine manne." Nilitazama nyuma nione ni nani. Ilikuwa yangu.

Jumamosi

Daraja la magogo lilijengwa kwanza, mzee akalikagua kwa kulirukia, ndipo reli zikapandishwa begani. Fundi wa kijiji akaunga mbao za toroli ya pili juu ya magurudumu ya Tunduma. Toroli mbili zikafungwa kwa mti mrefu wa mkaratusi, ili ya mbele isikimbie na ya nyuma isiigonge. Mzee akae mbele, atazame mbele. Tumpe nyuma, na breki yake ya gogo. Katikati, mgongoni mwa toroli ya mzee, tukasimamisha fito mbili tukatundika pazia. Pazia ni kitenge changu kipya. Bibi Subilaga ndiye aliyekichagua, bila kuniuliza.

"Na wewe," akaniambia, "utakaa na kaka yangu, uso nyuma. Miguu yangu imeisha. Leo peleka maneno wewe."

Meneja alisimama chini na mwavuli wake. Watu walikuwa wamejipanga kwenye chai kama kwenye harusi. Mzee alikuja na koti lake, amelipiga pasi. Tumpe alisubiri mpaka akae, uso mbele, ndipo akatoka migombani akapanda nyuma ya pazia. Akaachia breki.

Mwanzoni hakuna kilichotokea, na moyo wangu ukaanza kupiga hesabu ya kilo. Kisha magurudumu yakakumbuka kazi yake. Yakaimba, yale yale yaliyokuwa yakiimba kwenye mkonge wa kwetu. Migomba ikaanza kupita.

Tulipopita nusu, mwendo ukapungua. Mzee akasema bila kugeuka, "Mwambie anayeshika breki asibane sana. Nimesubiri muda mrefu."

Nikachungulia pembeni ya kitenge. "Anasema usibane."

"Mwambie mzee breki ni yangu," Tumpe akajibu, macho kwenye reli.

Nikapeleka. Mzee akavuta koti lake, nikadhani nimeharibu tena. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, jamani, anacheka mpaka koti linapanda.

"Mwambie sawa," akasema. "Mwambie amezaliwa kushika breki."

Sikuhitaji kupeleka. Pazia ni kitambaa, sio ukuta, alikuwa amesikia. Nilimwona anauma mdomo. Akaachia breki kidogo, kidogo tu, na tukavuka ile sehemu ya reli mbili zilizokuwa daraja, bila hata kutikisika, mpaka miguuni kwa meneja.

Meneja alifunga mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado. "Haya," akasema. "Mteremko ni wenu."

Tumpe alishuka kwa nyuma akaingia migombani kabla mzee hajageuka. Alipotoka baadaye kunitafuta, alinishika kwa mkono wake wenye grisi. Lile swali la jikoni hakulirudia, na mimi sikulikumbusha.

Kurudi, na ombi

Magurudumu ya Tunduma yalibaki. Huwezi kumshusha mzee kwenye toroli uliyompandisha. Kikundi kililipa manne yake kama tulivyopatana. Kuhusu haya mengine, mzee aliniita uani, nikachuchumaa bila kuambiwa.

"Pesa sina," akasema. "Yule mweusi akizaa jike, ni wako."

Juzi Tumpe alipiga simu. Yule ng'ombe amezaa. Jike, mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Mzee anasema ndama wangu yupo, ananyonya, niende nikamwone.

Sasa ndugu zangu, ndilo hili. Mtu wa vyuma wa Korogwe anafanyaje na ndama aliyeko Matwebe? Bakari amejitolea kumleta kwenye lori kwa mapatano yale yale ya chakula. Nimemkatalia, ndama asingefika mzima. Bibi Subilaga anasema kwao ng'ombe wa rafiki hukaa kwa rafiki, na mwenye ng'ombe huenda kumtazama, na hiyo ndiyo faida yake. Nimepiga hesabu ya faida hiyo mara mbili, sijaona inaingia mfuko gani. Na bado kila jioni najikuta nikijiuliza kama mvua inamfikia.

Nimlete, au nimwache, au niende? Nishaurini mtakavyo. Ila bei ya ndama, tafadhali, asinitajie mtu.